Huyu, huyo, yule

Shangazi yangu hakuwahi kumuuliza mwanamke kama ana matatizo na mumewe. Alimkaribisha kibarazani, akamsogezea mkeka, akauliza habari za watoto, za mvua, za bei ya nazi, kisha akaendelea kupanga asumini kwenye sinia kana kwamba mgeni kaja kununua kikuba tu. Wengi ndivyo walivyojifanya. Walifika baada ya alasiri, huku Ngamiani, Tanga, kwenye barabara zetu zinazoitwa kwa namba, wamebeba vikapu vitupu ili majirani wadhani wako njiani kwenda sokoni. Walinunua kikuba kimoja na udi kidogo, wakakaa saa nzima.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne hivi. Kazi yangu ilikuwa kutunga asumini, sindano mkononi, macho chini, masikio wazi.

Siku moja mgeni alipokwisha kukata kona, Shangazi akaniuliza, “Umesikia anavyomwita mumewe?”

Nikasema hakumtaja jina.

“Nani anataja jina la mume? Nakuuliza kamwitaje.”

Nikafikiri. Alikuwa akisema “yule”. Yule karudi saa sita usiku. Yule hali nyumbani siku hizi.

“Basi,” akasema Shangazi. “Idi iliyopita alikuwa akisema ‘huyu’.”

Shuleni nilikuwa nimeshafundishwa vionyeshi. Mwalimu alichora mti ubaoni, akachora na mtu: huyu ni wa karibu, huyo ni uliyekwisha kumtaja au aliye upande wa unayesema naye, yule ni wa mbali. Sikujua kwamba somo lile linaweza kupima godoro. Shangazi, ambaye hata darasa la nne hakulimaliza, alikuwa akilitumia kila jioni. Mwanamke aliyekuja na “huyu bwana atanitia presha, huyu hasikii, huyu kanichosha”, hakumhangaikia sana. Alimpa udi wake akamrudisha nyumbani akapike. Wa “huyo” alimuuliza maswali mawili matatu. Wa “yule” alimwingiza ndani, pazia likashushwa, nami nikatumwa dukani kununua kiberiti wakati viberiti vimejaa kabatini.

Shangazi alikuwa somo, yaani kungwi. Alifunda wali wa nyumba nyingi, kuanzia Chumbageni hadi Pongwe, na kwenye fungate yeye ndiye aliyelala chumba cha pili. Nalieleza hili kwa sababu ukitoka Tanga ukaenda mkoa mwingine ukasema unakotoka, utaona watu wanavyotabasamu. Wanaume wanauliza kama ni kweli. Wanawake wanasema, “Mh, watoto wa Tanga,” wanacheka, halafu wanahamisha viti vyao kidogo karibu na waume zao. Na ile habari ya limbwata, kwamba mwanamume akila Tanga harudi kwao, nimeisikia ofisini, kwenye basi, hata msibani. Nilipokuwa msichana nilijivuna nayo. Nilipoolewa nikagundua kwamba sifa hiyo ni mzigo: mji mzima unaaminika kujua mapenzi, kwa hiyo mtu wa mji huo akishindwa chumbani kwake hana pa kulisemea. Fundi seremala gani anakwenda kwa jirani kuuliza jinsi ya kupigilia msumari?

Mizungu niliyofundwa ilikuwa mingi, na sitaiandika hapa, mwenyewe aliniapiza. Nitasema tu kwamba ilikuwa elimu ya kweli, yenye heshima ya mwili kuliko watu wanavyodhani. Singo, mafukizo, namna ya kumpokea mtu aliyetoka kazini, namna ya kunyamaza, namna ya kucheka. Lakini katika siku zote zile hakuna aliyenifundisha sentensi ya kusema “hapa naumia”. Wala ya kumuuliza mwanamume, “Una nini?” bila ya kuonekana unamshitaki. Nadhani waliona maneno hayo hayahitaji kufundwa. Waliona yatakuja yenyewe.

Hayakuja.

Tulikuwa na mwaka wa kumi na moja wa ndoa, na watoto watatu, mume wangu alipoanza kuchelewa kulala. Hakuchelewa kurudi, ndiyo maana sikuwa na la kumshika nalo. Anarudi kutoka bandarini saa moja, anaoga, anakula, anakaa sebuleni. Mpira ukiisha anatazama uchambuzi wa mpira, uchambuzi ukiisha anatazama taarifa ya habari aliyokwisha kuitazama. Anaingia chumbani akijua nimeshalala, au nimeshajifanya nimelala. Siku nyingine alitoka “kunyoosha miguu” na kurudi ananuka supu ya pweza. Tanga supu ya pweza inauzwa barabarani jioni, vibakuli na ndimu na pilipili, na kila mtu mzima anajua mwanamume anayesimama pale mara tatu kwa wiki anatafuta nini.

Nikahesabu kwa hesabu yangu: anakunywa supu, kwangu haji. Kwa hiyo anaipeleka kwingine.

Nitakiri jinsi nilivyoipeleleza hesabu hiyo. Nilipekua simu yake, nikaikuta ina ujumbe wa matangazo na picha za wenzake wa kazini wakiwa na samaki. Nilinusa mashati. Nilimtuma mtoto “amsindikize baba” jioni. Nilivaa kanga yenye maneno ya kuchoma nikapita mbele yake mara sita, yeye akainamisha kichwa kupisha televisheni. Kanga ni barua nzuri kama mwandikiwa anajua kwamba kaandikiwa.

Kisha tukaanza kulala mzungu wa nne, kichwa changu kwenye miguu yake, kwa kisingizio cha feni. Miezi ikapita. Nikajifunza kusonya. Nilikuwa simsonyi usoni, nilisonya kando, nikiwa nageuza chapati, lakini nyumba yetu ni ndogo na msonyo haufichiki.

Mavyaa aliliona jambo kabla ya wengine, kwa kuwa alihesabu mimba. Mtoto wa mwisho kafika miaka minne na hakuna dalili. Akaja na mganga, mtu mpole, kanzu safi. Mganga akasema mume wangu ameolewa: ana jini mahaba, jini wa kike, mwenye wivu, na ndiye anayemzuia. Nataka niwe mkweli hapa. Niliposikia vile nilifurahi. Jini ni afadhali kuliko mwanamke wa Raskazone mwenye gari. Jini hana nyumba, hatalea watoto wangu, na kutolewa kwake kuna bei inayojulikana. Tukatoa kuku, tukatoa kaniki, tukatoa fedha ambayo ingelipa ada ya muhula mzima. Usiku wa tatu mume wangu, aliyekaa kwenye moshi wa ubani kama mtoto anayesubiri sindano, akanitazama kwa macho ambayo sikuyaelewa. Sasa nayaelewa. Alikuwa anaona haya, na haya ile tuliitangaza mbele ya mama yake.

Simdharau mganga. Wala sitaki kubishana na mtu kuhusu majini, mimi ni mtu wa pwani. Ninachosema ni kwamba jina “jini mahaba” lilitufungia mlango. Ukishaliita tatizo jini, huliulizi tena limeanza lini, linakuja saa ngapi, na mwili mwingine unasema nini.

Siku moja nikampigia Shangazi simu kuulizia iliki. Wakati huo alikuwa kwenye miaka sabini, miguu imevimba, hatoki. Akauliza habari za nyumbani. Nikasema watoto wazima, mimi mzima, “na yule yupo, katoka kidogo.”

Kimya kikaingia kwenye simu. Nikadhani salio limekatika.

Kesho yake asubuhi bajaji ikasimama mlangoni, Shangazi ndani na fimbo yake.

Hakuuliza kitu. Alikula, akalala kidogo, akaamka akaenda msalani, akakaa huko muda mrefu mpaka nikapata wasiwasi. Alipotoka akakaa jikoni na kuanza kunitazama navyokata vitunguu. Akauliza lile dumu la maji la lita tano kando ya kitanda ni la nani. La yule, nikasema, siku hizi anakunywa maji kama ngamia. Akauliza anaamka usiku mara ngapi. Mara tatu, mara nne, na mimi nilikuwa nimeshajua sababu: anaamka kupokea simu. Akauliza kama kapungua. Kapungua, mawazo ya kuchepuka yanakondesha.

“Umeona sisimizi chooni?”

Nilikuwa nimewaona. Nilikuwa nawamwagia maji ya moto kila asubuhi kwa miezi sijui mingapi.

“Huyu hana mwanamke,” akasema Shangazi. “Huyu ana sukari.”

Aliyekuwa akisema “huyu” wakati huo alikuwa yeye. Mimi niliendelea kukata vitunguu na nikalia, na kwa bahati vitunguu vilinipa sababu.

Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kilisoma 14.6. Daktari alieleza kwamba kuanzia 7.0 kwenda juu, kipimo kikirudiwa siku nyingine kikatoa vile vile, mtu anahesabiwa ana kisukari. Kisha akauliza swali ambalo mizungu yangu yote haikunitayarisha nalo: “Na mambo ya chumbani yakoje?” Mume wangu akageuka kunitazama ili nijibu mimi. Nikagundua kwamba tulikuwa hatujawahi kulisema, hata kwa fumbo. Nikasema yamesimama. Daktari akauliza yamesimama vipi, yaani vizuri au vibaya, na sote watatu tukacheka kicheko kibaya cha watu waliobanwa, halafu mume wangu akaanza kusema mwenyewe. Alisema kwa dakika ishirini. Miaka miwili ilikuwa imo ndani ya dakika hizo.

Maelezo ya daktari nitayaweka hapa kwa sababu najua kuna mke anayehesabu supu ya pweza kama nilivyohesabu mimi. Sukari ikikaa juu muda mrefu inaharibu mishipa midogo ya damu na mishipa ya fahamu, na nguvu za kiume zinategemea yote mawili: damu iende, na taarifa ifike. Mishipa ya damu ya huko ni myembamba, milimita moja au mbili. Ya moyo ni milimita tatu au nne. Uchafu wa aina moja ukianza kujengeka mwilini mzima, bomba jembamba linalia kwanza. Kwa hiyo mwanamume wa miaka arobaini na kitu anayeanza kushindwa, shida ikaendelea wiki baada ya wiki, anatakiwa apimwe sukari, presha na moyo, kwa maana huenda kilichotokea chumbani kimetangulia miaka kadhaa kabla ya kifua. Karibu nusu ya wanaume wenye kisukari wanalipata tatizo hili kwa kiwango fulani. Na zipo dawa za presha ambazo nazo zinapunguza nguvu. Mtu haziachi kimyakimya, anarudi kwa daktari abadilishiwe.

Pweza ni chakula kizuri. Hazibui mshipa.

Ile supu ilikuwa nusu ya habari tu. Alikuwa pia akinunua unga wa mizizi kutoka kwa muuzaji mmoja, na daktari alipousikia alikunja uso. Mamlaka za dawa za nchi nyingi zimekuta unga na vidonge vya “asili” vya aina hiyo vimechanganywa na sildenafil, dawa ile ile ya vidonge vya bluu. Wanasayansi waliianza wakitafuta dawa ya maumivu ya kifua, wakaona athari nyingine, na Marekani ikaipitisha kwa ajili ya nguvu za kiume mwaka 1998. Kwa kipimo sahihi na kwa mtu sahihi inasaidia. Lakini mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti akiimeza bila kujua, presha yake inaweza kuporomoka mpaka akafa. Kila nikifikiria wazee wetu wanaokutwa wamefariki nyumba ndogo na watu wanacheka msibani, sicheki tena.

Sasa ungetarajia niseme kwamba dawa ilianza, sukari ikashuka, tukarudi kichwa kwa kichwa kitandani. Sukari ilishuka. Vichwa vilichelewa.

Kwa sababu ndani ya miaka ile miwili tulikuwa tumejenga kitu kingine juu ya ugonjwa, na hicho hakikuwa na kidonge. Huko Marekani, kwenye mji wa Seattle, mwanasaikolojia John Gottman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walikuwa wakiwakaribisha wanandoa kwenye nyumba ya utafiti, wanawafunga vifaa vya kupima mapigo ya moyo, wanawaacha wazozane. Walikuja kutaja mazoea manne yanayobomoa ndoa: kumshambulia mwenzako tabia badala ya kulisema jambo, kujitetea kila unapoguswa, kujifunga ukawa ukuta, na dharau. Dharau ndiyo mbaya kuliko zote. Wao waliiona kwenye kubinua macho na kukunja mdomo. Nilipokisoma hicho nilicheka peke yangu, kwani mswahili hana haja ya mashine: dharau yetu ina sauti, ni msonyo. Nilikuwa nimemsonya mume wangu pengine mara elfu, na kila mara alikuwa amesikia.

Lililonigusa zaidi ni la ukuta. Walikuta kwamba yule aliyekaa kimya, uso mkavu kama hajali, mara nyingi moyo wake unapita mapigo mia moja kwa dakika. Ndani kunachemka, na mtu akishafika hapo hasikii kitu; anahitaji angalau dakika ishirini mbali na ugomvi ndipo arudi. Mimi kila alipoganda nilikuwa nazidi kumkoroga, nikidhani sijamfikia. Kumbe nilikuwa nimekwisha kumfikia na kumpita.

Gottman huyo huyo anasema mizozo mingi ya wanandoa, kama asilimia 69, haiishi kamwe, inarudi na kurudi. Hilo lilinipa faraja kubwa. Wetu ni dirisha. Yeye anataka lifungwe kwa ajili ya mbu, mimi naona afadhali malaria kuliko joto la Tanga la Februari. Tutazikwa nalo.

Nimeeleza upande wa mwanamume kwa urefu kwa sababu ndio ulioingia kwangu. Lakini kibarazani kwa Shangazi kesi zilizokuwa nyingi zaidi zilikuwa za upande wa pili, nazo zilikuja zimeshapewa jina: “ananinyima unyumba”. Jina limetungwa na anayenyimwa. Nakumbuka jirani mmoja aliyewekwa kikao na wazee wa pande mbili baada ya kujifungua mtoto wa tatu. Mume kaeleza, wajomba wametikisa vichwa, mwanamke kaulizwa ana la kusema. Akasema, kwa sauti ya kusikika na sinia la kahawa tu, “Inauma.” Kikao kikaendelea kama vile amepiga chafya.

Inauma, nayo ina sababu zake. Mama anayenyonyesha, homoni ya kike hushuka, uke unakuwa mkavu, na hilo halina uhusiano na mapenzi yake kwa baba wa mtoto. Mshono unaweza kupona vibaya. Kuna uvimbe kwenye kizazi, kuna maambukizi ya ndani, kuna misuli inayojikaza yenyewe kwa kuwa imeshazoea kungoja maumivu, na hiyo mtu haiamrishi ilegee kama asivyoweza kuamrisha jicho lisifumbe likirushiwa mchanga. Kuna wanaopungukiwa hamu kwa sababu ya njia ya uzazi wa mpango wanayotumia. Kuna huzuni ya baada ya kujifungua, ambayo huku tunaiita uvivu. Na kuna kukoma hedhi, kwenye miaka hamsini hivi, ambako ukavu unarudi na watu wanasema bibi kamaliza zake. Mengi ya hayo yana tiba, na baadhi tiba yake ni mafuta maalumu ya famasi na subira ya wiki chache. Lakini daktari hawezi kutibu “ananinyima”.

Na hapa Shangazi hatoki salama. Aliuza shabu. Aliwaambia wanawake wajikaushe, kwamba mwanamume anapenda hivyo, na shabu inachubua, na palipochubuka ndipo maradhi yanapopita. Nilimwambia nilipokuwa mtu mzima. Akasema, “Nasi tulifundwa hivyo,” akaiondoa kwenye sinia, hakuitaja tena. Wala hakusema nimekosea.

Kosa lake la pili lilikuwa kubwa kuliko la shabu, na linahusu kipimo chake chenyewe.

Alikuwako mwanamke aliyekuja mara nyingi mwaka ule nilipokuwa kidato cha pili. Alivaa mikono mirefu na mtandio mzito katika joto la mchana, na hakuwa mtu wa dini hivyo. Yeye alisema “huyu” siku zote. Huyu kasema nisichelewe. Huyu anataka chakula saa saba kamili. Huyu anajua nipo hapa. Huyu, huyu. Shangazi alisikia ukaribu. Alimpa udi, akamwambia mwanangu, ndoa ni subira, ukiona moto usimwagie mafuta. Mimi niliona alama ya kidole chini ya sikio lake nilipomrudishia chenji, na sikusema kwa kuwa mtoto hasemi.

Ilichukua miaka kuelewa kwamba mtu unayemwogopa naye yuko karibu. Hayupo aliye karibu zaidi. Humsahau hata ukiwa unanunua asumini.

Hili si “tatizo la ndoa” la kupelekwa kwenye kibaraza, na nakasirika ninapoona linawekwa fungu moja na kununa na dirisha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenza wake kwa kumpiga. Ni ya 1971. Bibi zetu walipofundwa wengi ilikuwa haijazaliwa, lakini sisi hatuna udhuru. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Anayetaka talaka mahakamani shauri lake hupitia kwanza baraza la usuluhishi la ndoa, isipokuwa kwenye hali chache, na mwanamke anayehofia kutoka mikono mitupu ajue kwamba tangu hukumu ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed, kazi ya nyumbani inahesabiwa kuwa ni mchango kwenye mali ya ndoa. Mwanamke yule wa mtandio alikwenda kwa ami yake usiku mmoja na watoto wake, hakurudi. Shangazi alipopata habari alikaa sana bila ya kutunga kitu. “Nilisikia ‘huyu’,” akasema. “Nikadhani heri.”

Kuna mengine nayapita, maana kila mtu anayaandika. Simu inayolazwa kifudifudi. Mkopo wa kausha damu ambao mke kauchukua kwa siri na sasa anamkwepa mume kwa sababu akimkumbatia ataulizwa mbona moyo unadunda. Nimeshaona watu watatu waliodhaniwa wana wapenzi kumbe wana marejesho ya Jumatano. Mume aliyepata kazi Dar, kilomita kama mia tatu na hamsini, anakuja mwisho wa mwezi kama mgeni na anapokewa kama mgeni, kwa vyombo vizuri.

Shangazi amefariki, Mungu amrehemu. Wali wangu wawili aliwahi kuwafunda kabla hajaenda, na wa mwisho nilimfunda mwenyewe. Nilimfundisha karibu yote, isipokuwa shabu, na nikaongeza moja: nilimkalisha mbele ya kioo nikamwambia aseme “hapa naumia” mpaka aache kucheka. Ilichukua jioni nzima. Alicheka, kisha akalia, kisha akasema.

Na huyu wangu hajambo. Kipimo cha mwezi uliopita kilikuwa 7.9, ambacho daktari hakukipenda na mimi nilikisherehekea. Tunalala kichwa kwa kichwa, dirisha nusu. Juzi nilikuwa nafua, nikapapasa mfuko wa shati lake, nikatoa karatasi iliyolowa mafuta, imekunjwa mara nne, inanuka zafarani na iliki. Halua. Nikasimama uani na karatasi ile mkononi, nikamwita kwa jina lake la kwenye kitambulisho, lake na la baba yake, jambo ambalo sikumbuki kama nimewahi kulifanya.

Ndani kukawa kimya. Televisheni ikapunguzwa.

“Huyo hayupo,” sauti ikajibu. “Katoka.”